Diski ya Shangazi Haiingii

Mchungaji aliiombea ile diski maombi marefu kabla sijaiona. Matatizo yote yalianzia hapo.

Ilikuwa Jumamosi. Shangazi Vasiti, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameshuka kutoka Auckland kuja kwenye harusi ya binamu yangu Telesia. Masanduku yake yalifunguliwa sebuleni, juu ya mikeka, mbele ya watu wote. Mama akatoka na magauni, kaka yangu Penisimani na viatu. Baba alikuwa nje kwenye baraza, kwa sababu kwetu Tonga kaka hajichanganyi na dada yake akaketi naye akicheka ovyo, hata wakiwa na mvi. Yeye akapelekewa saa yake huko huko.

"Na hii ni ya Kalolaine," shangazi akasema, akiinua kiboksi cheusi chenye maandishi ya dhahabu. "Aliomba diski ya kompyuta. Nimemletea diski."

Mchungaji akafumba macho. Akaanza na bahari, akaja kwenye ndege, akafika kwenye diski. "Bwana, tunakushukuru kwa chombo hiki chenye kasi kuliko upepo, kitakachomwinua binti huyu na nyumba hii na kijiji chote cha Kolovai." Watu wakasema amina. Nikafungua boksi.

Ndani kulikuwa na kitu kirefu, chembamba kama kipande cha chingamu.

Haikuwa diski niliyoomba. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikijua jibu nasubiri mwingine aseme, akikosea namwonea huruma, lakini siinui mkono. Kwa hiyo nilifanya kama kawaida yangu. Nikainamisha kichwa, nikasema asante shangazi, nikarudi kukaa nyuma ya mama.

Nieleze hapa, ili mtu asije akasema sina shukrani. Kompyuta yangu ni ya mezani, nyeusi, nzito kama jiwe la umu, tanuri letu la kuchimba ardhini. Baba aliinunua kwenye mnada wa ofisi moja iliyofungwa. Mimi mwenyewe niliifungua kwa bisibisi ya Penisimani, nikatoa sisimizi na mayai ya mjusi kwenye feni. Inafanya kazi. Shida yake ilikuwa diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Ukiiwasha unaweza kwenda kulisha nguruwe, ukarudi, ukakuta bado inawaza. Na siku hizi ilikuwa imeanza kulia, tk, tk, tk, kama mtu anayesonya. Diski ikishaanza kusonya, ujue inaaga.

Na sikuwa naihitaji kwa michezo. Kikundi cha akina mama, kile cha mama yangu, kilikuwa kinatengeneza ngatu ya harusi ya Telesia, kitambaa cha magome kirefu kuliko uwanja wa kanisa, na kwa mara ya kwanza walikubali kutumia mchoro wangu. Mchoro wa popo wa kijiji chetu. Naufanyia kwenye kompyuta, kisha tunauchapa, akina mama wanashona kibao cha nyuzi za nazi kwa kuufuata, halafu kibao kinalazwa chini ya kitambaa, na kitambaa kinasuguliwa rangi juu yake mpaka mchoro utokee. Mabawa yalikuwa hayajaisha. Shule ilikuwa imefungwa na kompyuta zake zimefungiwa ndani. Mama Siutiti, mkuu wa kikundi, alishaniambia wazi: "Mwanangu, usipoleta kwa wakati tunatumia kile kibao cha zamani cha maua. Harusi haimsubiri popo."

Shangazi aliponiuliza kwa simu nataka nini, nilimwandikia kwa uangalifu. Diski ya SSD, bapa, ukubwa wa kitabu kidogo cha nyimbo, ile ya kuchomeka kwa waya. Nikamtumia na picha. Hii ndefu ya chingamu ni ya kompyuta mpya. Inataka tundu lake kwenye bodi, na bodi yangu haina tundu hilo. Kuna kadi ya kuiunganisha, lakini mashine ya umri ule haijui kuamka kutoka kwenye diski kama hiyo. Ni sawa na kumpigia kelele bibi kiziwi. Kelele ni kubwa, ndiyo, lakini bibi amelala.

Watu walipoondoka nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anafunga majani ya magimbi na nyama ya kopo kwa ajili ya Jumapili.

"Mama, haiingii."

"Nini haiingii?"

"Diski ya shangazi."

Mama akachungulia mlangoni kwanza. "Nyamaza. Itaingia."

"Haina pa kuingia, mama."

"Basi ifunike na kitambaa, iweke juu ya kabati. Zawadi lazima ifanye kazi, nani kakwambia? Kuna seti ya vikombe ya shangazi yako ipo pale tangu nimeolewa, umewahi kunywea chai?"

"Na mchoro?"

Alikaza fundo la jani mpaka jani likachanika.

Nikamfuata baba barazani. Baba ni mtu mkubwa, anabeba gunia la viazi vikuu kila bega, sauti yake inasikika mpaka ufukweni. Nikamwambia. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa deni la marehemu.

"Kalo, mimi kwa dada yangu ni mtoto. Unataka mtoto akamwambie nini?"

"Kwamba haiingii."

"Mchungaji ameshaiombea," akasema taratibu, kana kwamba hilo ndilo jibu la fundi.

Jumapili, baada ya ibada na chakula, shangazi akajinyoosha kwenye mkeka, akapepea uso, akauliza, "Mbona sijasikia diski yangu ikisifiwa?"

"Anaitunza, dada," mama akawahi. "Anaiheshimu sana."

"Diski haiheshimiwi, inatumiwa. Twende nikaione."

Tukaenda. Kompyuta ilikuwa chumbani kwangu, ubavu mmoja uko wazi, waya zinaning'inia. Shangazi akasimama mlangoni na gauni lake la kanisani na mkeka wake mzuri wa kujifunga kiunoni, vazi letu la heshima, akaitazama kama anavyotazamwa mchumba asiye na kazi.

"Hili sanduku? Zawadi yangu mimi iingie humu?"

"Haiingii, shangazi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Bila shaka haiingii! Mimi mwenyewe ningekuwa diski nisingeingia. Hii kompyuta ndiyo yenye kosa." Akamgeukia Penisimani. "Kesho hakuna kufanya kazi za ovyo. Leta pikapu, hili likatupwe dampo. Krismasi nitaleta kompyuta inayofanana na diski yangu. Imekwisha."

Krismasi! Harusi ilikuwa wiki ile iliyofuata.

Na mjue, hayakuwa maneno tu. Kwetu shangazi ana haki. Kitu chochote cha nyumba ya kaka yake akikitaka anakichukua, na sisi watoto wa kaka ndio wa chini yake kabisa. Aliwahi kuchukua nguruwe jike mwenye mimba. Aliwahi kuchukua kochi la sebuleni, na baba ndiye aliyelibeba mpaka melini huku akimshukuru. Hakuna aliyewahi kumwambia shangazi hapana. Sijui hata kama neno hilo analijua kwa sauti ya mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi nikasikia pikapu inarudi nyuma uani. Penisimani akaingia, anakuna kichwa.

"Kalo, samahani. Ametuma."

"Usiiguse."

"Nitakununulia aiskrimu."

"Nina miaka sita?"

"Basi niambie nifanye nini! Nikikataa, mwanangu atapata upele. Unajua laana ya shangazi."

Nikazima umeme, nikachomoa waya, nikailaza kompyuta chini, nikaikalia. Sikupanga. Makalio yalifika kabla ya akili. Nikakaa hapo, magoti mdomoni, na bisibisi mkononi kama mlinzi wa benki.

Penisimani akaangua kicheko. "Ee, Mungu wangu. Shangazi! Njoo uone kuku wako kaatamia!"

Shangazi akaja. Nyuma yake mama, na kikombe chake cha chai mkononi. Kupitia dirishani niliona kivuli cha baba kimesimama nje.

"Simama," shangazi akasema.

"Hapana, shangazi."

Mama alitoa mlio kama mtu aliyeungua. Shangazi hakukasirika hata, alishangaa tu. Akageuza kichwa kama anayetafuta ni nani mwingine aliyesema.

"Umesemaje?"

Kuna kitu nimegundua. Ukishasema la kwanza, la pili halina haya.

"Nimesema hapana. Kompyuta haina kosa. Nilikutumia picha, shangazi. Uliiona?"

"Niliiona."

"Diski kama ile ilikuwepo dukani?"

"Ilikuwepo." Akavuta pumzi. "Ilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, kwenye vitu vya punguzo. Ulitaka mimi Vasiti niiname mbele ya yule kijana muuzaji, niinuke na kitu cha punguzo, nisafiri nacho, nikitoe mbele ya mchungaji, niseme hiki ndicho nilichomletea binti wa kaka yangu? Watu waseme nini? Nikamwambia kijana, nipe iliyo bora kuliko zote. Akanipa iliyo bora kuliko zote!"

"Ndiyo, ni bora. Kwa mtu mwingine."

"Kalolaine!" mama akanong'ona.

"Ulipaswa kuinama, shangazi."

Kikombe mkononi mwa mama kikaacha kugonga sahani yake. Penisimani akawa anaangalia dari kana kwamba kuna mpira unachezwa huko.

"Wewe mtoto," shangazi akasema taratibu, "unajua mimi ni nani katika nyumba hii?"

"Najua. Na mimi pia ni shangazi wa mtu." Nikaelekeza bisibisi kwa Penisimani. "Mtoto wake yule anayetambaa, shangazi yake ni mimi. Siku moja nitaingia nyumbani kwake na kila mtu atashusha macho. Sawa. Lakini nikimpelekea kitu, nitauliza kwanza kama kinaingia. Zawadi isiyoingia hujanipa mimi. Umempa mchungaji, apate cha kuombea."

Kule nje baba alikohoa. Kikohozi kile mimi nakijua, ni cheko lililokosa njia. Penisimani akatoka mbio kwenda kumalizia lake uani.

Shangazi aliitazama kompyuta, akanitazama mimi juu yake. Mashavu yake yalikuwa yamekuwa mekundu. Nikasema sasa laana inakuja, ngozi yangu yote itaota upele na nywele zitatoka kwa mafungu. Badala yake akaokota mkoba wake.

"Lete hiyo diski. Ingia kwenye gari."

"Na sanduku?" Penisimani akauliza kutoka nje.

"Liache. Si umeona lina mwenyewe?"

Tukashika njia ya Nuku'alofa, mji wetu mkuu. Mimi nilishika kiboksi cheusi magotini na sikujua kama ananipeleka dukani au ananipeleka kwa mchungaji kutubu. Pikapu ilipopinda kuelekea sokoni ndipo nikapumua.

Fundi wa duka lile la kompyuta anaitwa Feleti, kijana wa nywele ndefu anayekula keke za mafuta juu ya kibodi za watu. Alipoona diski ya shangazi akafuta vidole kwenye suruali.

"Aisee! Hii kali. Inaenda kwenye mashine gani?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hii kwenye ile? Dada, huko ni kumvalisha nguruwe viatu vya mpira!"

"Nguruwe ni wa familia yangu," shangazi akasema. Feleti akaacha kucheka palepale.

Akatutolea diski bapa za waya, akazipanga kwenye kioo. Moja ilikuwa na boksi linalong'aa na picha ya radi. Ya pili ilikuwa na boksi la kawaida, jeupe. Ya tatu ilikuwa na jina ambalo sijawahi kuliona popote, inaahidi nafasi kubwa ajabu kwa bei ya mfuko wa vitunguu. Mkono wa shangazi ukaenda moja kwa moja kwenye radi.

"Hapana," nikasema. Hiyo ilikuwa rahisi zaidi.

"Nini tena? Si inaingia?"

"Inaingia. Lakini kompyuta yangu ina kasi yake ya mwisho. Waya wake haupitishi zaidi ya hapo. Ukiweka ya radi au nyeupe, zote zitafika kwenye kikomo kilekile na kusubiri."

"Sikiliza, mama," Feleti akamwambia shangazi, sauti imekuwa ya asali. "Ya radi ni ubora. Ni fahari. Mtu kama wewe..."

"Kaka Feleti," nikasema, "kwenye kompyuta ya zamani hivi utaona tofauti gani?"

Akatafuna keke. Akatazama mlango. "Kwa kweli? Hutaiona."

"Na hii ya vitunguu?"

"Hiyo usimpe hata adui yako. Bosi ndiye aliyeziagiza."

"Nyeupe ina dhamana?"

"Miaka mitatu. Ikifa mapema unairudisha, nakupa nyingine."

"Basi nyeupe."

Nafasi yake ilikuwa karibu mara mbili ya diski yangu ya zamani. Nilishapiga hesabu ya michoro yangu yote, picha za familia, na muziki wa Penisimani ambao hakuna mtu aliyeomba. Inatosha. Feleti mwenyewe alikuwa anaitamani ile ya chingamu, macho hayabanduki, kwa hiyo akakubali kubadilishana, na tofauti akaanza kuihesabu kwenye droo.

"Sisi hatuchukui chenji ya zawadi," shangazi akasema, kidevu juu.

"Tunachukua," nikasema. "Tunataka na waya wa kuichomekea, na kibao cha kuifungia ili isining'inie, na kile kifaa cha kunakilia diski moja kwenda nyingine. Kitakachobaki nipe wino wa printa."

Shangazi akanigeukia na macho makubwa. Halafu akamgeukia Feleti. "Umemsikia. Unasubiri nini?"

Jioni ile alivuta kiti akakaa nyuma yangu wakati nanakili. Diski ya zamani ilisonya njia nzima, tk, tk, na mara moja ikanyamaza kabisa, nami nikanyamaza nayo, mikono juu, sigusi kitu. Ikaanza tena. Kengele ya ibada ilipolia ilikuwa imemaliza. Nikaitoa, nikafunga ile nyeupe kwa skurubu nne, nikabonyeza. Mama alikuwa ameweka birika jikoni wakati ule ule. Kompyuta ilifunguka, mchoro ukafunguka, popo wakatokea wote, na maji bado hayajatoa hata mvuke.

"Ndiyo hiyo tu?" shangazi akauliza.

"Ndiyo hiyo tu."

"Haina hata taa." Akasimama akaenda zake.

Mabawa niliyamaliza kesho yake. Kibao kilishonwa. Siku ya kusugua rangi akina mama walikaa kwenye mikeka pande mbili za meza ndefu ya miguu mifupi ukumbini, kitambaa kimetandazwa, harufu ya rangi ya gome la mti wa koka imejaa mpaka kwenye nywele. Kila waliposugua, popo mmoja anajitokeza kutoka kwenye weupe, mwingine anafuata. Shangazi alikuwa mwisho wa meza, mahali pa heshima, kitambaa cha kusugulia mkononi.

"Mchoro safi," mwanamke mmoja wa kijiji cha pili akasema. "Nani kauweza?"

"Diski yangu," shangazi akajibu kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. "Niliichagua mwenyewe Auckland. Iliyo bora kuliko zote."

Wanawake wakapiga makofi wakimpongeza, "Malie! Malie, Vasiti!" Mama akanibana paja chini ya meza. Alinijua tayari.

Ningeweza kunyamaza. Zamani ningenyamaza na kwenda nayo nyumbani, nikaitafuna peke yangu kitandani.

"Ile ya Auckland haikuingia," nikasema. Mikono ikasimama pande zote mbili. "Hii niliichagua mimi. Shangazi alilipa, na kwa hilo namshukuru sana. Lakini kuchagua nilichagua mimi."

Mama Siutiti akaanza kutafuta kitu ndani ya bakuli la rangi ambacho hakikuwemo. Mama alikuwa amefumba macho. Shangazi akaweka kitambaa chake chini, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Huyu," akawaambia wanawake, "jina nilimpa mimi. Bibi yetu Kalolaine alikuwa mpole, mbwa walikuwa wanamnyang'anya chakula. Nikasema mtoto huyu atakuwa kama yeye." Akatikisa kichwa. "Nilikosea duka."

Kicheko kilichotoka kilitikisa meza. Yeye hakucheka. Akasogea pembeni kwenye mkeka wake, akagonga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Njoo hapa. Ukitaka kunibishia, nibishie karibu. Masikio yangu ni ya zamani."

Nikainuka, nikapita nyuma ya migongo yote ile, nikakaa. Akanisukumia kitambaa cha kusugulia.

"Na hao popo wako, mbona wote vichwa chini?"

"Ndivyo wanavyoning'inia."

"Hata kwenye harusi? Geuza wachache."

"Hapana, shangazi," nikasema, nikachovya kitambaa kwenye rangi, nikaanza kusugua.